Laptopu Yako Si Nzito, Inangoja

Swali: "Mwalimu, salaam. Ninapiga picha za harusi, utambulisho na mahafali hapa Arua. Laptopu yangu ni ya mtumba, Core i5 kizazi cha 8, RAM 8GB, diski ya kawaida ya 1TB, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Kamera ni ya megapikseli 24 na ninapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Harusi moja hunipa picha kama 1,500. Nikiwa Lightroom Classic, programu ninayohariria, kila picha nikiikuza inaganda, nahesabu hadi kumi ndipo inakaa sawa. Kueksipoti harusi moja, yaani kutoa picha za mwisho, ni usiku mzima. Katalogi yangu, ile orodha ya Lightroom ya picha zote, ina picha 70,000 za miaka minne. Fundi mmoja ameniambia niweke RAM 32GB, mwingine anasema nitupe hii ninunue laptopu ya magemu. Pesa niliyo nayo ni ya kitu kimoja, labda viwili. Wiki ijayo nashuka Kampala. Ninunue nini?"

Salaam dada. Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na mtu akikosea kununua kifaa Kampala hagundui mpaka amekwisharudi nyumbani na kufungua boksi. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu, ili safari iwe moja.

Jibu lenyewe kwanza: nunua SSD, ile diski isiyo na sahani inayozunguka. Pesa ikibaki, ongeza kijiti kimoja cha RAM cha 8GB. Laptopu ya magemu iache dukani, na RAM 32GB iache hapohapo ilipo. Hiyo i5 yako si takataka. Kizazi cha 8 ndicho ambacho Intel ilizipa laptopu nyembamba za i5 viini vinne badala ya viwili, na ndipo Windows 11 inapoanzia kukubali rasmi karibu prosesa zote za Intel. Lakini usitoe hata shilingi kabla ya kufanya kipimo nitakachokueleza. Huenda sehemu ya tatizo lako iko kwenye chaja au kwenye vumbi, na nyingine iko kwenye namna unavyoingiza picha. Hizo hazihitaji basi la usiku.

Mafundi wako hawakukudanganya. Kila fundi huona ugonjwa unaotibika kwa dawa aliyo nayo rafuni. Ila hakuna aliyekaa na mashine akatazama inangoja nini. Kompyuta inayoganda mara nyingi haijachoka, imesimama kwenye foleni. Pengine inangoja prosesa imalize hesabu, au diski ilete faili, au nafasi ipatikane kwenye RAM, au grafiki ichore. Ukimtibu asiye mgonjwa, foleni inabaki palepale.

Leo jioni funga kila kitu, kivinjari pamoja na WhatsApp ya kompyuta, kisha fungua Lightroom. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itatokea. Nenda kwenye ukurasa wenye michoro ya mawimbi. Iweke pembeni ya skrini, halafu fanya ile kazi inayokuudhi: pitia picha ishirini, kila moja uikuze mpaka asilimia 100. Tazama mchoro upi unapanda pale picha inapoganda. Diski ikigonga 100 huku prosesa iko 20 au 30, mhalifu ni diski. Memori ikiwa juu ya 90 na diski inahangaika wakati huohuo, RAM imejaa na Windows imeanza kuhamishia mizigo kwenye diski. Prosesa ikiwa 100 na wengine wametulia, basi kweli ni hesabu, na hapo kuna namba nyingine ya kutazama.

Namba hiyo ni kasi ya prosesa kwa GHz, iko chini ya mchoro wake. Chukua i5-8250U, ambayo imejaa kwenye laptopu za mtumba: kasi yake ya msingi ni 1.6GHz na inaweza kupanda mpaka 3.4GHz. Ukiona yako imekwama kwenye 0.8 au chini yake wakati kazi inafanyika, usinunue chochote, kuna kitu kimeishika shingo.

Nilishaletewa laptopu ya mpiga picha mmoja hapa Kampala aliyeapa kwamba imelogwa. Mchana studio inakimbia, usiku nyumbani inatambaa. Alikuwa ameshaanza kuweka pesa ya kununua nyingine. Nilipoiwasha kwa chaja yake ya nyumbani nikakuta prosesa imeganda kwenye 0.78GHz na haisogei. Chaja ya awali iliungua, akanunua nyingine barabarani, tundu lilelile, rangi ileile, ila wati 45 badala ya 90. Laptopu nyingi zikishindwa kuitambua chaja, au zikiona ni dhaifu, hujishusha kasi zenyewe ili zisiivute kupita uwezo wake. Studio alikuwa anaazima chaja ya mwenzake. Uchawi ukaisha siku hiyo. Kwa hiyo geuza chaja yako usome lebo: zidisha volti kwa ampia. Iliyoandikwa 19.5V na 3.34A ni ya wati 65. Linganisha na ile inayodaiwa na laptopu, mara nyingi imeandikwa kwenye lebo ya chini au kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Ukiwa hapo hapo, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uichague ile ya utendaji wa juu. Laptopu nyingi za mtumba huja zimewekwa kwenye kubana matumizi, na hakuna anayezigusa.

Mtuhumiwa wa pili wa kasi ni joto. Prosesa za namna hii hujipunguza zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na kwa joto la Arua la Januari na Februari hazihitaji kusukumwa sana kufika huko. Kuna programu ya bure inaitwa HWiNFO, itakuonyesha nyuzi wakati unaeksipoti. Kama inakaa juu ya 95 na GHz zinashuka, mwombe fundi afungue, apulize feni na mapezi yake, na abadilishe pasta ya joto iliyo juu ya prosesa. Nimetoa kwenye mapezi ya laptopu moja vumbi jekundu lililoshikana kama kipande cha blanketi. Na usieksipoti ukiwa umeiweka kitandani, maana godoro linaziba matundu ya hewa.

Nikikisia kutoka huku, baada ya kipimo utaniandikia kwamba diski iko 100. Kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Diski ya kawaida ya laptopu ni sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11. Kichwa cha kusomea kikitaka kipande cha data, kwanza kisogee mahali pake, halafu kingoje sahani izunguke mpaka kipande kipite chini yake. Kwa wastani ni nusu mzunguko, milisekunde tano na kitu, mbali na muda wa kusogea. Ndiyo maana diski hiyo haiwezi kurukaruka hata mara 100 kwa sekunde. Ikisoma faili moja kubwa iliyolala kwa mpangilio inakwenda vizuri tu, megabaiti 100 kwa sekunde au zaidi. Lakini Lightroom haisomi hivyo. Ukigusa picha moja, inauliza katalogi, inafungua faili la previu, yaani picha nyepesi ya kutazamia, inagusa hifadhi yake ya muda, ndipo inakwenda kwenye RAW yenyewe, na pembeni yake Windows nayo inasoma na kuandika vyake. Ni kurukaruka kutupu. SSD haina sahani wala kichwa. Kuruka kwake huhesabiwa kwa makumi elfu kwa sekunde. Zile hesabu zako za mpaka kumi kila unapokuza picha, kwa sehemu kubwa unaisubiri sahani izunguke.

SSD ya aina ya SATA inasoma karibu megabaiti 550 kwa sekunde. Za NVMe zinafika 3,500, na za kisasa zinapita hapo. Usivutwe na tofauti hiyo. Kwa kuhariri picha, hatua kubwa ni kutoka sahani kwenda SSD yoyote. Kutoka SATA kwenda NVMe utaihisi wakati wa kunakili mafaili, wakati wa kuhariri utaihisi kidogo sana.

Sasa hatari ya kilomita 500. SSD za inchi 2.5 zinaingia kwenye nafasi ileile ya diski yako ya sasa, hazina mtego. Mtego uko kwenye zile ndogo zinazofanana na kijiti cha RAM, za M.2. Zinafanana sura, lakini nyingine zinaongea SATA na nyingine NVMe, na tundu la laptopu linaweza kukubali aina moja tu. Tena urefu unatofautiana, milimita 80 au 42. Mimi mwenyewe, niliyejiita fundi, nimewahi kununua ya NVMe nikaiingiza kwenye tundu la SATA, na mashine ikaniambia haioni kitu. Kabla hujasafiri, andika namba kamili ya modeli ya laptopu, tafuta mwongozo wake wa ufundi kwenye tovuti ya kampuni, au mwombe fundi akufungulie mgongo upige picha ya ndani kwa simu. Picha hiyo ionyeshe dukani. Ukikuta una tundu la M.2 na nafasi ya inchi 2.5 pia, umebahatika: SSD itakaa kwenye M.2, na diski yako ya 1TB itabaki kuwa ghala.

Ukubwa? GB 500 inatosha kuanzia. Si lazima picha zote ziishi kwenye SSD. Wanaohitaji kuishi humo ni Windows, Lightroom, katalogi pamoja na folda ya previu iliyo karibu nayo, na harusi unayoihariri sasa. RAW moja ya megapikseli 24 ni karibu MB 28, kwa hiyo harusi ya picha 1,500 ni kama GB 42. Ukimaliza unaihamishia ghala, na unaihamisha kutoka ndani ya Lightroom ili isipoteze njia. Acha sehemu moja kati ya tano za SSD iwe tupu daima, kwani ikijaa pomoni nayo inakuwa nzito.

Bandia zipo, hasa zile za nje zinazouzwa kwa bei ya kuchekesha zikidai kuwa za 2TB. Kompyuta inaonyesha 2TB, unanakili, ikijaa kidogo inaanza kuandika juu ya picha za watu. Programu ndogo ya bure ya H2testw huijaza diski yote kisha kuisoma tena, na uongo hujitokeza. Fanya hivyo ukiwa bado Kampala, hata kama utamkera mwenye duka.

RAM sasa. Picha ya RAW ni ndogo ikiwa imelala kwenye diski, lakini ikifunguliwa Photoshop kwa biti 16 inakuwa pikseli milioni 24, mara rangi tatu, mara baiti mbili: MB 144, na hiyo ni tabaka moja. Nakili tabaka mara tatu kwa ajili ya kulainisha ngozi na umepita nusu GB kwa picha moja. Windows na kivinjari chenye kurasa kumi vimekwishachukua GB tatu au nne za nane zako. Tena grafiki yako, kwa kuwa haina memori yake, inaazima kutoka RAM hiyohiyo. Adobe wenyewe, wanaotengeneza Lightroom na Photoshop, wanataja 8GB kuwa ndicho kiwango cha chini na 16GB kuwa ndicho wanachopendekeza. Kwenye ukurasa wa memori wa Task Manager pameandikwa matundu mangapi ya RAM yametumika. Ikiwa ni moja kati ya mawili, nunua kijiti cha pili cha 8GB cha aina ileile na kasi ileile. Vijiti viwili hufanya kazi sambamba, na grafiki ya kuazima inafaidika kwa hilo kuliko mtu yeyote. Ikiwa RAM imechomelewa kwenye bodi, basi, pesa yote iende kwenye SSD. Na 32GB? Kwa anayeunganisha panorama kubwa au anayehariri video, sawa. Kwako GB nyingi zitakaa bure.

Nimesema sehemu ya tatizo iko kwenye namna unavyoingiza picha, na hapa ndipo ningeanzia kama nisingekuwa na hata senti. Nadhani unaingiza picha zote 1,500, unaiacha Lightroom itengeneze previu zote, halafu unaanza kuchagua. Unailipa mashine kuchora picha 1,100 ambazo hutampa mtu. Kamera yako tayari imeweka JPEG ndani ya kila RAW, ile unayoiona nyuma ya kamera. Kwenye dirisha la kuingiza picha, pale kwenye aina ya previu, chagua "Embedded & Sidecar". Lightroom itaonyesha JPEG hizo za kamera badala ya kuchora upya, na utapita picha kwa kasi ya kidole. Chagua, kataa, ubaki na zako 400.

Hizo 400 ndizo uzitengenezee "Smart Previews". Hizi ni nakala nyepesi zenye upande mrefu wa pikseli 2,560. Kisha ingia kwenye mapendeleo, ukurasa wa utendaji, uiambie Lightroom itumie nakala hizo badala ya faili asili wakati wa kuhariri. Prosesa inabeba kama pikseli milioni nne badala ya 24. Ukieksipoti ikiwa RAW zipo mahali pake, inachukua ubora wa RAW, hupotezi kitu. Kwa ukali wa picha pekee, ukitaka kujua macho ya bibi harusi yameshika fokasi, ikague kabla hujaanza, maana nakala hizo hazikuonyeshi asilimia 100 ya kweli. Kuzitengeneza kunachukua muda. Iache ifanye usiku, chaja imechomekwa.

Vidogo vilivyobaki nitavipita haraka. Zima utafutaji wa nyuso na wa anwani. Zima uandishi wa kila mara wa XMP, zile kumbukumbu za uhariri. Hifadhi ya muda ya Camera Raw ipandishe kutoka 5GB mpaka 20, ila baada ya kupata SSD. Kupunguza chenga, zile punje za picha za gizani, na kunoa kuache mwisho, kwani ukivianza mwanzo kila mguso unaofuata unavibeba mgongoni. Barakoa za akili mnemba, zile za kuchagua mtu au anga, ni tamu, lakini ukizinakili kwa picha 300 mashine inapiga hesabu mara 300. Katika Photoshop punguza hatua za historia kutoka 50 mpaka 20, na diski yake ya kazi iwe SSD.

Ile Denoise ya Lightroom, ya kupunguza chenga kwa akili mnemba, iliyokuja 2023 inategemea grafiki, na grafiki ya kuazima itakula dakika nyingi kwa picha moja. Jamaa zetu wanaopiga picha za gorila katika msitu wa Bwindi hawana namna: msitu ni giza, flashi hairuhusiwi, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) inapanda na chenga nazo, hivyo hao ndio wanaostahili kutafuta kadi ya grafiki. Wewe harusini una flashi. Picha za usiku za albamu, kumi au ishirini, ziache zijipike umelala. Nyingine sogeza kitelezi cha kawaida cha kupunguza chenga, na kwa picha ya kutumwa WhatsApp hakuna atakayeona tofauti.

Katalogi ya picha 70,000 wameisingizia sana. Ni hifadhidata, ya aina iitwayo SQLite, na ikikaa kwenye SSD inabeba nyingi kuliko hizo. Hakuna haja ya kuigawa. Kinachonitia hofu ni betri yako. Laptopu za mtumba nyingi huja na betri iliyokufa, umeme ukikatika katikati ya kuandika, katalogi inaweza kuharibika. Kama yako haishiki hata dakika tano, betri inatangulia RAM kwenye orodha ya manunuzi. Na ile nakala rudufu ambayo Lightroom inakuuliza ukiifunga, ambayo sote tunaikwepa, ikubali, uiweke diski nyingine.

Jambo moja nililoliona kwenye meza yangu mara nyingi mno: ukiwa hujafungua programu yoyote na prosesa bado iko 50 au 60, angalia ulipoitoa Photoshop yako. Zile za kuvunjwa mara nyingine huja na mgeni anayechimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Kama hali ya pesa hairuhusu kulipia, darktable, programu nyingine ya kuhariri RAW, ni ya bure na halali, ingawa itakuchosha wiki mbili za kwanza.

Ukishabadilisha, Windows iwekwe upya kwenye SSD, usihamishe ile ya zamani na takataka zake. Diski ya zamani usiifute. Ifunge kwenye plastiki, iweke kabatini mpaka harusi mbili zipite na uwe umefungua katalogi, umeona picha za miaka yote minne zinafunguka. Na kama utaitumia kwa kasha la USB, ichomeke kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lina rangi ya bluu ndani; la USB 2 litakupa megabaiti 35 au 40 kwa sekunde, utaanza kuniandikia upya.